TUJIFUNZE KIINGEREZA: WAKATI ULIOPITA WA KUENDELEA



Tazameni sentensi hizi mbili:

The child was drowning.
The child drowned.

Ya kwanza maana yake ni "mtoto alikuwa anazama". Huyu bado anaweza kuokolewa. Ya pili maana yake ni "mtoto alikufa maji". Huyu ameshafariki. Tofauti ya mtoto mzima na maiti imo katika kitenzi tu. Kwa hiyo somo hili si la kupatia alama za mtihani peke yake.

Namna ya kuunda

Chukua was au were, kisha kitenzi chenye -ing mwishoni.

I, he, she, it: was
we, you, they: were

Kumbuka kuwa you huchukua were hata ukisema na mtu mmoja.

Kukanusha: She was not cooking. (Alikuwa hapiki.)
Kuuliza: Were they playing? (Je, walikuwa wanacheza?)

Angalieni pia tahajia: write huwa writing, run huwa running, lie huwa lying, lakini study hubaki na y yake: studying.

Matumizi yake

1. Jambo lililokuwa likiendelea saa fulani: At eight o'clock I was reading.

2. Jambo lililokuwa likiendelea, likaingiliwa na jingine: We were eating when the guests arrived. Jambo refu huchukua -ing, na lile fupi lililoingilia huchukua wakati uliopita wa kawaida. Ukisema We ate when the guests arrived, msikilizaji ataelewa kuwa mliwasubiri wageni ndipo mkala.

3. Mambo mawili kwa pamoja: While mother was cooking, I was washing the plates.

Mitego mitatu kwa sisi Waswahili

Hapa ndipo wengi huteleza, maana tunafikiri kwa Kiswahili kisha tunafasiri neno kwa neno.

Mtego wa kwanza ni "nilikuwa najua". Usiandike I was knowing. Vitenzi vya hali ya moyo na akili, kama know, want, love na believe, kwa kawaida havichukui -ing. Andika I knew, I wanted.

Mtego wa pili ni "alikuwa amevaa kanzu". Kiswahili hutumia -me-, kwa hiyo mwanafunzi huandika He had worn a kanzu. Kiingereza husema He was wearing a kanzu. Vivyo hivyo "alikuwa amelala" ni He was sleeping, "alikuwa amekaa" ni He was sitting, na "alikuwa amebeba mtungi" ni She was carrying a pot.

Mtego wa tatu ni mazoea ya zamani. "Zamani babu alikuwa anavua samaki" si habari ya siku moja, bali ni kazi yake ya miaka. Andika Grandfather used to fish. Ukiandika Grandfather was fishing, msomaji atauliza: lini? Saa ngapi?

Zoezi

Fasiri kwa Kiingereza, kisha ndipo utazame majibu:

1. Tulikuwa tunatembea mvua iliponyesha.
2. Nilikuwa nataka maji.
3. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.
4. Je, ulikuwa unalia?
5. Zamani walikuwa wanakaa Tanga.

Majibu

1. We were walking when it rained.
2. I wanted water.
3. The teacher was standing at the door.
4. Were you crying?
5. They used to live in Tanga.

Aliyekosa la 2, la 3 au la 5 arudie mitego yetu mitatu. Na njia nzuri ya kulishika somo ni hii: kila jioni, kabla ya kulala, andika sentensi tatu za mambo uliyokuwa ukiyafanya asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mpe mwenzako azisahihishe, nawe usahihishe zake. Katika shule nyingi za sekondari hapa Tanzania, historia, jiografia na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na anayezijua nyakati za vitenzi huelewa swali kabla hajaanza kulijibu.