Kufundisha Ionosfia kwa Njia ya Fumbo

Mwalimu wa fizikia aghalabu huwakaririsha wanafunzi matabaka ya ionosfia, nao huyasahau mara mtihani upitapo. Yafaa aanze kwa fumbo. Awaulize: ikiwa jua ndilo liziachanishalo elektroni na atomi za anga ya juu, ni wapi zitakuwa nyingi zaidi? Wengi watajibu kuwa ni kwenye ikweta. Jibu hilo lina mantiki, wala lisikejeliwe.

Kisha awaeleze kwamba mwaka 1946 Edward Appleton alionyesha vingine. Mchana, elektroni za tabaka F hupungua juu ya ikweta ya sumaku, ambayo barani Afrika hukatiza Ethiopia, zikalundikana yapata nyuzi 15 kaskazini na kusini yake. Uga wa umeme wa mchana huzinyanyua. Halafu kani ya uzito na kanieneo huziteremsha kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia, mfano wa maji ya chemchemi yarukayo katikati yakaangukia kandoni.

Hatimaye wanafunzi wachore mwendo huo bila kutazama kitabu. Awezaye kueleza kwa nini jibu la kwanza halikutosha, huyo ndiye aliyeelewa.