KUTENGENEZA NA KUTUNZA INJINI KUUKUU YA PAMPU

Injini ya petroli ya kuvutia maji ikikaa ghalani msimu mzima, mara nyingi hukataa kuwaka siku ile miche inapotaka maji. Mwenyewe hudhani imekufa, akaiuza kama chuma chakavu. Lakini mara nyingi ugonjwa wake si uzee, ila ni uchafu. Mafundisho haya ni ya injini ambayo petroli na oili hutiwa mahali mbalimbali.

1. Usivute kamba kwa nguvu. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili nyepesi katika tundu lake, uiache usiku kucha. Asubuhi zungusha injini polepole. Ikiwa imekwama, usiilazimishe. Tia oili tena, ungoje.

2. Mwaga petroli ya zamani, mbali na moto. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando kama gundi, nao huziba vitundu vya kabureta. Fungua kabureta, uioshe kwa petroli safi. Vitundu vyake vipulize. Usivichokoe kwa waya, maana vikipanuka kipimo cha petroli huharibika.

3. Mvuke wa petroli ukiisha kutoweka, tazama cheche. Safisha plagi, uiunge na waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu, kisha zungusha. Cheche isipoonekana, jaribu plagi nyingine. Bado ikikosekana, safisha ncha za magneto, kwa kuwa kutu nyembamba huzuia umeme.

4. Badili oili, uijaze mpaka alama. Na kila siku ikague kabla ya kuwasha. Safisha chujio la hewa, kwa sababu vumbi husaga silinda kama msasa, na hasara hiyo haiponi kwa kusafisha.

5. Jaza pampu maji kabla ya kuwasha; ikienda kavu huharibika. Usiwashe injini ndani ya nyumba, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usitie petroli injini ikiwa na moto.

6. Msimu ukiisha, mwaga petroli ya tangi, acha injini iende mpaka izime yenyewe. Ikipoa, tia kijiko cha oili katika tundu la plagi, izungushe kidogo, rudisha plagi, uifunike.

Kazi hii ya mwisho ni ya nusu saa tu. Aiachaye ataanza tena kwa fungu la kwanza, huku miche yake ikinyauka.