Haki za Mzee Aliye Katika Nyumba ya Matunzo

Wengi hudhani kuwa mzee akishatiwa katika nyumba ya matunzo, amri yake yote imekuwa mikononi mwa wenye nyumba. Sivyo. Mwaka 1987 Marekani ilitoa sheria juu ya nyumba zipokeazo fedha za serikali za matibabu, ikabainisha haki za wakaao humo. Kubwa katika hizo ni kuwa mzee hafungwi kitini wala kitandani, wala hapewi dawa ya kumpumbaza, kwa kumtia adabu au kuwapunguzia watumishi kazi. Akifungwa, ni kwa usalama tu, tena kwa amri ya daktari iliyoandikwa. Jambo hili hufichika, kwani mzee aliyelala kimya mchana kutwa humpendeza mgeni, na huenda amelazwa kwa dawa! Yawapasa jamaa zake waiulizie amri hiyo. Barua zake hazifunguliwi, wala halipizwi akishitaki. Na hatolewi ila kwa sababu zilizotajwa, na aghalabu hupewa ilani siku 30 kabla.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima pasi na kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake na Serikali pia.