Fahamu Majibu ya Kipimo cha Jeni: "Haijabainika" Si Saratani

Saratani nyingi hazirithiwi. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, kati ya 5 na 10 pekee ndio ambao ugonjwa wao unatokana na kasoro ya jeni waliyoipokea kwa mzazi. Jeni zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2, na kasoro yake yaweza kutoka kwa mama au kwa baba. Familia yenye wagonjwa kadhaa huenda ikashauriwa kupimwa damu au mate.

Makundi matano ya majibu

Maabara nyingi hufuata mwongozo uliotolewa Marekani mwaka wa 2015. Mabadiliko ya jeni hugawanywa hivi: yanayosababisha ugonjwa, yanayoelekea kuusababisha, yasiyobainika, yanayoelekea kutokuwa na madhara, na yasiyo na madhara. Kundi la tatu huandikwa VUS kwenye ripoti. Maana yake ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuamua upande wowote.

Makosa mawili ya kuepuka

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 38 ambaye mama yake na mama yake mdogo waliugua saratani ya matiti. Ripoti yake inaonyesha VUS katika BRCA2. Akidhani amehukumiwa, anaweza kuomba akatwe matiti bila sababu. Akidhani yuko salama, anaweza kuacha kuchunguzwa. Yote mawili ni hatari. Daktari hutegemea historia ya familia, umri na uchunguzi wa mwili, wala haamui upasuaji kwa sababu ya VUS pekee.

Kwa nini Waafrika hupata majibu haya zaidi?

Kumbukumbu ambazo maabara hulinganisha nazo zimejaa taarifa za watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko lililo la kawaida kwa Waafrika laweza kuonekana geni kwa kuwa wachache wamepimwa. Kadiri watu wengi zaidi wanavyopimwa, maana hujulikana. Mengi yanayobainishwa baadaye hupatikana hayana madhara, ingawa machache huwa hatari.

Mambo ya kuzingatia

• Hifadhi nakala ya ripoti, na uache nambari ya simu inayopatikana.
• Muulize daktari kila baada ya mwaka mmoja au miwili iwapo maana ya badiliko hilo imejulikana.
• Mjulishe daktari ndugu mwingine akiugua saratani.
• Watoto na ndugu wasipimwe VUS hiyo ili kujua hatari yao, kwani jibu halitawasaidia. Daktari anaweza kuomba baadhi yao wapimwe ili kusaidia kuibainisha.
• Ukihisi uvimbe kwenye titi au ukiona chuchu ikitoa damu, nenda kituo cha afya mara moja, hata kama ripoti ya jeni haikuonyesha kasoro.