Kabla shamba halijauzwa kwa ajili ya viza

Wadogo zangu wa Sanga na wa Kamina yote, matokeo ya Egzetat, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka tu, swali linalonifikia ni lilelile: "Yaya, nifanyeje niende kusoma nje?" Tamaa hiyo ni nzuri, nami niko upande wenu. Ninachokataa ni familia kuuza shamba na mbuzi imlipe komisioneri, yule dalali wa safari, na mtoto hana hata barua ya chuo mkononi.

Anza na jina lako. Sisi Wakongo tunabeba jina, postinomu na prenomu; postinomu tuliipata mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Fomu nyingi za nje zina nafasi ya majina mawili tu. Basi buletini ikiandika Kyungu, diploma ikaandika Kiungu, na pasipoti ikaruka postinomu, ubalozini wanaona watu watatu. Nenda kwa prefe wa shule yako sasa, akiwa bado anakukumbuka, herufi zisahihishwe kabla diploma haijatoka. Ukishafika mbali, herufi hiyo moja itawahangaisha ndugu zako kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka Kinshasa.

Halafu lugha. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, lakini Copperbelt University ya Kitwe na University of Zambia ya Lusaka zinafundisha kwa Kiingereza. Hata hivyo, kwa anayeanza napenda Zambia: unashuka hadi Lubumbashi, unavuka Kasumbalesa, na mambo yakikwama unarudi nyumbani kwa basi. Tumia miezi ya kungoja diploma kujifunza Kiingereza kwa bidii.

Ufaransa ni hesabu nyingine. Maombi yanapitia Campus France, na kwa miaka mingi mwanafunzi ametakiwa kuonyesha kwamba ana euro 615 za kuishi kila mwezi. Kwa mwaka zinapita 7,000. Kaeni na baba na mama, muiandike hesabu hiyo kwenye karatasi, kisha ndipo muongee habari ya shamba.

Na kama pesa hizo hazipatikani? Andikishwa hapa Chuo Kikuu cha Kamina, au Lubumbashi. Mwenye lisansi anaweza kuomba bursa za masta, na anaondoka akiwa amekomaa.

Ninyi wasichana mnaoahidiwa kazi za nyumbani Oman au Dubai, nawaogopea zaidi. Kule viza ya kazi hiyo imefungwa kwa mwajiri. Ukikimbia nyumba yake kwa sababu anakupiga au halipi, anayeweza kukamatwa ni wewe. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoisoma, wenye mshahara na siku ya kupumzika, na nakala yake ibaki nyumbani. Komisioneri akikwambia ufiche safari, mwambie mama siku hiyohiyo, na pasipoti usimwachie.