SOMO LA AFYA: Panya shamba na kijidudu cha jipu

Chukua mfano huu. Mtoto wa Nyakabiga, Bujumbura, anaamka na uvimbe gotini. Usiku mama alisikia panya akipita juu ya dari, basi anasema, "Ni panya huyo amemng'ata." Pesa iliyopo ananunua sumu ya panya. Goti halioshwi. Siku ya tatu mtoto ana homa kali.

Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, unamwona kwa macho. Unasikia mikwaruzo yake, unakuta mavi yake ndani ya unga. Jike hubeba mimba wiki tatu hivi na anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi. Hatuseme hana hatari: viroboto vya panya vimewahi kuleta tauni Tanzania na Kongo.

Kijidudu cha jipu kinaitwa stafilokoka. Hakina mguu, meno wala tumbo. Ni chembe moja ya duara, na ukizipanga elfu moja kwa mstari ndipo zinafika milimita moja. Kikipata joto, unyevu na chakula hujigawa kuwa viwili kwa nusu saa hivi. Panya hawezi mbio hizo. Mganga wa Scotland, Alexander Ogston, alikiona ndani ya usaha mwaka 1880. Nacho hakitoki shimoni. Karibu watu watatu kati ya kumi wanakibeba puani bila kuugua, labda hata wewe unayesoma. Kinangoja mchubuko.

Basi unga ufunike, takataka uzitupe mbali, huyo ni panya. Jipu linataka mambo mengine. Osha kwa maji safi na sabuni, weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kisha lifunike. Usilikamue! Taulo na wembe msichangie. Usimpe mtoto vidonge vilivyobaki vya jirani: stafilokoka nyingi hazisikii tena penisilini ya zamani.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa na homa, wekundu ukienea, jipu likiwa usoni, au akiwa mtoto mchanga.

Je, kama kweli ni panya? Utaona matundu ya meno, mara nyingi kwenye kidole au uso. Osha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, nenda kituoni, uchukue na kadi ya chanjo, kwa sababu mganga atauliza habari ya pepopunda.