Gari Linatetemeka? Anza na Udongo

Umetoka Mtae kwenye tope, umefika Lushoto mjini salama, umeshika lami ya kushuka Mombo, na gari linaanza kutetemeka kama lina homa. Usikimbilie duka la spea.

1. Osha rimu kwa ndani. Udongo mwekundu wa Usambara ukigandia ndani ya rimu na kukauka usiku, tairi linayumba kama halijawahi kubalansiwa. Waosha magari humwagia maji upande unaoonekana tu, kwa hiyo ingia chini mwenyewe na kijiti, ukwangue. Propela nayo iangalie. Mara nyingi ugonjwa huishia hapa, kwa bei ya ndoo mbili za maji.

2. Umetoa foo wili? Kwenye tope tairi huteleza kidogo na mitambo ikapumua. Kwenye lami hakuna kuteleza, na kona za Soni ni nyingi: usukani utakuwa mzito na gari litashtuka-shtuka. Magari ya foo wili ya muda wote hayahusiki hapa, mradi difu ya katikati haijafungwa.

3. Uliza mikono na makalio. Usukani ukitikisika, anza na matairi ya mbele. Kiti kikitikisika, tazama nyuma. Kisha pima kasi ya mtetemo. Difu ikiwa ya 4.1, propela huzunguka mara nne na ushee tairi likizunguka mara moja. Ndiyo maana mtikisiko wa polepole ni wa tairi, na ule wa haraka, wa kuvuma, ni wa propela. Ukitaka kujua kama ni injini, weka fri kidogo gari likiwa kwenye mwendo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haina kosa. Jaribio hili lifanyie kwenye tambarare ya Mombo kwenda Korogwe, si kwenye mteremko wa Soni. Narudia: si Soni.

4. Shika propela kwa mkono. Injini imezimwa, matairi yamewekewa mawe, jaribu kuizungusha huku na huku na kuinyanyua. Krosi ya ncha yake ikicheza hata kidogo, imekwisha. Vumbi la kutu pembeni mwa vikombe vyake linasema ilikosa grisi siku nyingi, ule mlio wa "ko!" ukitoka rivasi kwenda namba moja nao ni wake. Fundi akiishusha propela, mwambie apige alama kwanza, ili irudi ilivyokuwa. Uma za ncha zake zikipishana, krosi mpya haitakusaidia kitu.

5. Springi za mzigo. Pikapu za mboga za Lukozi huongezewa majani ya springi. Zikijaa kabichi zimetulia. Zikirudi tupu, nyuma inanyanyuka, propela inakaa kwa pembe kali na kuvuma. Gari lako likitetemeka likiwa tupu tu, hapo ndipo pa kutazama. Usibadilishe krosi tatu mfululizo kama jirani yangu.

6. Wenye Land Rover Defender za zamani, neno moja. Hendibreki yenu hushika propela ya nyuma, haishiki matairi. Ukishaifungua propela hiyo, hendibreki haizuii tena kitu, na Lushoto hakuna uwanja usio na mteremko. Weka mawe kwenye matairi yote kabla hujashika spana.